Jino la Faida na Mbuzi wa Mama Mkwe

Jumanne, 9 Septemba 2025
Balaa! Faida, binti yangu wa miezi saba, kaning'ata kidole. Nikachungulia kinywani. Jino! Dogo kama punje ya mchele. Kwa ukoo wa mke wangu, wa kwanza kuona jino la mtoto humpelekea bibi mzaa mama mbuzi. Mama mzazi tu ndiye hahesabiwi. Bahati nzuri, hakuna aliyeniona.

Jumatano, 10 Septemba
Nimepata akili! Kesho kutwa anakuja Daudi, kaka yake mke wangu Hadjara, kutoka Beni. Ana malori ya mizigo. Mtoto amng'ate yeye! Tatizo ni Hadjara. Anang'atwa kila akinyonyesha, leo hata amelia. "Baba Faida, tafuta dawa. Akiniluma tena, namuachisha ziwa!" Roho iliniuma, kweli. Lakini ufizi ukitulia, nani atamng'ata Daudi? Nikamwomba avumilie hadi Ijumaa. Akanitupia ndala.

Alhamisi, 11 Septemba
Jirani yetu Yolande, mwalimu aliyetoka Kasai, kaleta kitambaa safi chenye maji baridi, eti mtoto atafune. Kiherehere! Nikakificha dukani kwangu, kati ya vipuri vya pikipiki.

Ijumaa, 12 Septemba
Daudi kafika baada ya swala. Nikampakatisha mtoto, nikamwomba ampe kidole achezee. Wapi! Faida kalala fofofo, mdomo kaufumba. Kumbe Yolande alileta kitambaa cha pili, ufizi umetulia. Nikaona nimwamshe mwenyewe. Nikaingiza kidole. Kap! Nikapiga kelele: jino! Mtaa wetu wote wa Mususa ulisikia. Daudi akacheka hadi akashika ukuta. "Shemeki, weye njo umeona jino! Leta mbuzi!"

Jumamosi, 13 Septemba
Nimenunua mbuzi, tena dume. Jioni Hadjara akamweka mtoto kwenye ziwa. Nikafumba macho, nikingoja kelele. Wapi! Nikafumbua. Mtoto ananyonya, mama anaimba! Nimepumua jamani. Afadhali mbuzi wangu aende kuliko mwanangu akose ziwa. Nimeapa: hila basi.

Jumapili, 14 Septemba
Mama mkwe kapokea mbuzi wake. Kanishukuru sana, halafu akanikumbusha kwamba atakayeona hatua ya kwanza ya mtoto humnunulia bibi kitenge. Faida hata kutambaa hajui bado. Lakini tangu nirudi natembea humu ndani nikiangalia dari.