Hotuba ya Kuzindua Njia ya Kuta Arobaini na Moja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye vyeo vyako nitavisoma kwa ukamilifu mara karani atakapoupata ukurasa wenyewe. Mheshimiwa Naibu wa Mgeni Rasmi. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wa wakuu wa vitengo na wale wanaowakaimu makaimu. Wenye nyumba za maonyesho. Wasanii wa kuta, wa turubai na wa vibao vya maduka. Ndugu wanahabari, ambao nawaona wawili na kamera moja. Wazee wetu, mama zetu, vijana wetu, na wewe ndugu uliyesimama pale getini ukidhani hapa pana foleni ya vitambulisho: nawasalimu nyote kwa niaba ya Ofisi ya Uratibu wa Mwonekano wa Jiji, Kitengo cha Kuta, ambacho mimi, kwa unyenyekevu mkubwa, ni Mratibu Mkuu wake kwa mwaka wa kumi na moja mfululizo. (Makofi kutoka safu ya mbele, walikokaa wafanyakazi wa ofisi.)

Ndugu zangu, leo tunazindua Njia ya Sanaa ya Jiji, mradi shirikishi, jumuishi na endelevu, ambao kwa mara ya kwanza utamwezesha mtembezi anayeshuka kituo kikuu cha mabasi kuanza safari ya miguu ya saa tatu, akapita kuta arobaini na moja zilizochorwa na nyumba tisa za maonyesho, bila kupotea, bila kuuliza na bila kuchoka, kwa sababu utafiti wa kitengo changu umethibitisha kwamba asilimia themanini na saba nukta nne ya watu wanaotazama picha hawachoki, na hao waliobaki walikuwa wamechoka tangu nyumbani. (Kicheko. Mratibu anasubiri kiishe. Kimeisha. Anasubiri tena.)

(Mama mmoja mchoraji, mwenye rangi ya samawati iliyokaukia viwikoni, anasimama safu ya nne. Anasema: "Samahani, Mheshimiwa. Ukuta wangu wa gereji ya mabasi unapakwa kijivu saa tano kamili. Sasa hivi ni saa nne na robo. Nimekuja unisemee neno moja tu kwa hao watu wako wa usafi, wauache.")

Mama yangu, nakusikia, na nikuhakikishie kwamba jambo lako limo ndani ya hotuba, ukurasa wa tisa, nasi tuko ukurasa wa pili, kwa hiyo ukikaa utalikuta. (Mama mchoraji hakai.) Basi simama, mama, kusimama pia ni ushiriki. Lakini kwa kuwa mimi ni kiongozi msikivu, nitalidokeza kwa ufupi, ili wengine nao wajifunze namna serikali makini inavyofanya kazi.

Mwaka jana niliagiza kuta zote zenye michoro ziorodheshwe, na wasanii wetu wakaitikia kwa moyo, wakaja ofisini wenyewe, wakapanga mstari hadi kwenye ngazi, wakataja mtaa, urefu wa ukuta, na jina la picha. Sasa, ofisi yangu ina fomu moja tu inayohusu kuta, nayo ni Fomu Namba Saba, Taarifa ya Ukuta Uliochafuliwa, na kwa kuwa kuomba fomu mpya huchukua miezi kumi na minane ya vikao, tukaamua, kwa ubunifu ambao baadaye nilipongezwa, kuitumia hiyo hiyo. Orodha ikajaa vizuri. Ikagongwa muhuri. Ikapita, kama zinavyopita Fomu Namba Saba zote, hadi Kikosi cha Usafi, ambacho ni kikosi hodari kuliko vyote jijini, na ndani ya wiki sita kuta arobaini zikawa zimesafishwa kabisa. (Minong'ono.)

(Kinyozi mwenye duka mkabala na ofisi anauliza kutoka nyuma: "Kusafishwa, yaani zimepakwa kijivu?")

Kijivu cha kimkakati, ndugu yangu.

(Kinyozi: "Sasa mtembezi akishuka basi atatazama nini?")

Atatazama kuta. Na atazitazama kwa uhuru zaidi, kwa sababu hakuna tena msanii anayemlazimisha aone kitu fulani, hii inaitwa sanaa ya kufikirika, iko duniani kote, msije mkasema Mratibu hajasoma. (Makofi ya safu ya mbele, si wote.)

(Mama mchoraji, bado amesimama: "Mheshimiwa, hizo arobaini zimekwenda, wenzangu wameshalia wakanyamaza. Mimi naulizia huo mmoja uliobaki. Aliyeshika brashi ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tangu saa mbili anakunywa chai, yuko kikombe cha nne, anasema, shemeji, mimi nina barua ya agizo, nikifika cha tano sina la kusingizia tena.")

Karani, huo ukuta una namba gani? (Karani anasema kwa sauti ndogo kwamba ni namba arobaini na moja.) Sema kwenye maikrofoni. Na usitetemeke, karatasi inapiga kelele kuliko wewe. (Karani anarudia.) Vizuri. Na picha ni ya nini?

(Mama mchoraji: "Ni mume wangu. Alikuwa fundi wa mabasi. Nimemchora amelala chini ya basi anafunga nati, kwa hiyo inaonekana miguu tu, ndala moja nyekundu, nyingine ya kijani. Hakupenda kamera huyo mtu, hata ya kitambulisho alifumba macho. Nyumbani sina picha yake hata moja. Ninayo hiyo miguu.")

(Kinyozi: "Mtaa mzima unamjua Baba Miguu. Watoto wakienda shule wanamwamkia.")

Ndugu zangu, nimeguswa, na hati za kikao zionyeshe hivyo. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema, Mratibu, si una simu mfukoni, piga uzuie. Ninayo, tena mpya. Lakini agizo lililotoka kwa barua halirudi kwa simu, linarudi kwa barua. Barua inataka muhuri. Muhuri uko kwenye droo. Ufunguo wa droo anao mtunza stoo. Na mtunza stoo yuko hapa safu ya mbele, kazini, anapiga makofi. (Mtunza stoo anainuka: "Naweza kukimbia kuuleta, bosi, ni hapo juu tu.") Kaa chini, ndugu, hotuba haijafika katikati.

Nisije nikasahau nyumba za maonyesho, ambazo ni moyo wa mradi. Nyumba ya kwanza imefungwa kwa ukarabati. Ya pili haijafungwa, ila haifunguki. Ya tatu ni ile yenye fremu nzuri sana za mbao, ambazo picha zake tulizichukua kwa uhakiki, na uhakiki unaendelea, na fremu zimebaki wazi ili mtembezi aone ukuta wa nyuma, ambao nao, kwa taarifa yenu, tumeupaka. Ya nne ni duka la huyu kinyozi wetu.

(Kinyozi: "Langu? Mle mna bango la mitindo ya nywele tu, Mheshimiwa.")

Bango lina picha au halina?

("Lina vichwa ishirini na nne.")

Karani, andika kazi ishirini na nne. Ya tano, ya sita, ya saba na ya nane ziko katika hatua ya dhana, yaani zipo, lakini bado hazijatokea. Na ya tisa, ambayo naisema kwa aibu kidogo maana si vizuri mtu kujisifu, ni korido ya ofisi yangu mwenyewe, yenye maonyesho ya kudumu ya picha thelathini na mbili za uzinduzi, ambamo mtembezi ataniona nikikata utepe katika mikao tofauti, mingine ya ubavu, na katika picha ya kumi na tano nimecheka.

(Kinyozi, akiwageukia watu: "Jamani, si tumeitwa leo kwenye matembezi ya sanaa? Basi na tutembee. Gereji iko dakika saba, tukaone huo ukuta kabla haujaliwa." Viti vinasogea. Mama mchoraji anafunga kanga kiunoni, anatangulia. Safu ya nne inamfuata, kisha ya tano, kisha wale wa getini.)

Naona hamasa, na nimefurahi, maana sasa naingia kwenye takwimu, ambazo nitawaomba msizipokee kwa miguu bali kwa vichwa. (Mratibu anavaa miwani, anainamia karatasi.) Katika robo ya kwanza ya mwaka, kiwango cha utayari wa kutazama kilikuwa asilimia kumi na mbili; katika robo ya pili, kutokana na semina elekezi tatu na semina moja ya kutathmini semina, kikapanda hadi asilimia kumi na mbili nukta tisa; na tukichora mstari kutoka hapo, bila kuukunja, jiji hili litaongoza bara zima katika kutazama ifikapo mwaka wa arobaini na nne.

(Mgeni Rasmi anamuuliza Naibu wake: "Hao wanakwenda wapi?" Naibu anajibu: "Kwenye ukuta, Mheshimiwa, gerejini." Mgeni Rasmi anauliza: "Ndiyo ratiba?" Naibu anafungua ratiba, ambayo haina kitu ndani isipokuwa jina la Mratibu, anasema ndiyo. Wanaondoka na msafara. Mwenye kamera anakimbia nyuma yao.)

Nasisitiza, bila kuukunja. Na mafanikio hayo hayakudondoka kutoka hewani, yametokana na uongozi, na uongozi umetokana na mimi. (Anapiga makofi mtunza stoo peke yake, karani ameshika karatasi kwa mikono yote miwili.) Mbona makofi yamekonda? (Mratibu anavua miwani. Viti mia mbili na sitini, watu watatu: yeye, karani na mtunza stoo. Saa tano kasoro dakika nne.)

Karani, watu wako wapi? (Karani anasema wako gerejini.) Na Mgeni Rasmi? (Karani anasema, kwa heshima, kwamba naye yuko gerejini.) Kwa nini hukuniambia? (Karani anasema alijaribu mara mbili, ila Mheshimiwa alikuwa kwenye nukta tisa.)

(Simu ya ofisi inalia. Karani anaipokea, anasikiliza, anasema ndiyo mara saba. Kisha anatoa taarifa: "Ni Naibu, Mheshimiwa. Anasema Mgeni Rasmi amesimama chini ya ile picha, ameegemea ngazi ya kupakia rangi, amemuuliza mama maswali mengi juu ya marehemu. Watu wameziba ukuta wote, yule shemeji mwenye brashi hawezi kupita na hataki kupita. Mgeni Rasmi anasema hajaona kazi nzuri namna hii tangu aingie ofisini. Anakupongeza.")

Ananipongeza. (Mratibu anarekebisha tai.) Rudisha maikrofoni karibu. Mtunza stoo, kimbia ukalete muhuri, upesi, mbona umekaa? Na wewe, karani, andika kwamba, kufuatia maono ya muda mrefu ya ofisi hii, ukuta namba arobaini na moja ulihifadhiwa kwa makusudi, na amri ya kuupaka imefutwa na mimi mwenyewe saa tano kasoro dakika tatu. Umeandika? Isome. (Karani anasoma.) Ongeza neno binafsi.

(Karani hajaweka simu chini. Anasema: "Mheshimiwa, Naibu bado yuko kwenye simu. Mgeni Rasmi anauliza, kutoka hapo wanaelekea kituo gani? Wamemaliza cha kwanza, watu wako tayari, anataka aonyeshwe cha pili.")

(Mratibu anaangalia karatasi zake. Anafunua ukurasa wa tisa, anaufunika. Anafunua wa kumi, ambao ni mweupe.)

Mwambie watazame tena, polepole. Mwambie kazi kubwa haitazamwi mara moja.

Na sasa, kwa kuwa muda si rafiki, nihitimishe, na viti navyo vinisikilize. Nikisema Jiji Letu, nanyi mseme Picha Yetu. Jiji Letu. (Karani bado ana simu sikioni.) Jiji Letu. (Karani: "Picha yetu, Mheshimiwa.") Ukuta Mmoja, Hatua Moja. (Hakuna aliyeelekezwa aitikie nini.)

Namshukuru Meneja wa Mradi, nafasi ambayo itatangazwa. Naishukuru Kamati ya Njia, itakayoteuliwa Meneja akipatikana. Namshukuru mchoraji wa ramani, maana ramani bila njia si kazi rahisi, na ndiyo maana bado hajaikubali. Nakishukuru Kikosi cha Usafi kwa kuchelewa kwenye chai. Na shukrani zangu za pekee, ambazo karani utampelekea mama mchoraji kwa barua yenye muhuri, ziende kwake kwa kuchora, bila kuombwa, bila kibali, na kabla ofisi hii haijalifikiria jambo lenyewe, mradi wote.