Baba Yangu Hakujifanya Mgonjwa

Kilolo, Jumatano

Kwa Mwalimu Ezekia, unayefundisha historia chuoni kupitia simu,

Kamwene. Mimi ni Verediana, bibi yake Blandina, mwanafunzi wako anayepanda kilimani kwangu kufuata mtandao. Shule sikuiona, nasema mimi, anaandika katekista Didas. Nina malalamiko, naomba uketi.

1. Umewapa wanafunzi karatasi ya mwaka 1953, iliyopigwa picha ikawekwa mtandaoni. Humo Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, kaandika kwamba Tadeo wa kijiji chetu ni mvivu, kajifanya mgonjwa akwepe kazi ya barabara. Tadeo ni baba yangu. Hongereni kwa kututunzia matusi vizuri hivyo, hata panya hawajayagusa.

2. Blandina aliniuliza, nikamwambia baba alikuwa hoi. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwepo. Akaandika hivyo. Ukampa alama nne kati ya ishirini, eti bibi si chanzo cha historia. Ehe! Mzungu aliyesimama mlangoni muda wa kufunga kamba ya kiatu ndiye chanzo. Mimi niliyelala chumba kimoja na mgonjwa ni porojo.

3. Usiporekebisha kabla ya Ijumaa, mtoto anarudia mwaka. Anasoma huku ananichotea maji, mwalimu, na macho yameshamvimba kwa kulia. Basi mwite huyo Bwana Shauri darasani nimhoji. Kama kafa, ushahidi wake nao uzikwe.

4. Kama kosa langu ni kutopigwa picha, nipo. Nipigeni mbele na nyuma, mnitie namba, mniweke mtandaoni pembeni ya hiyo karatasi. Atakayenifungua nitamjibu, hata bando sihitaji.

Msalimie mkeo, watoto, na mkuu wa chuo. Ukipita Kilolo usile hotelini, njegere zipo.

Ni mimi, bibi mwenye uchungu,
Verediana binti Tadeo

Nyongeza: Katekista kaweka kalamu chini, anasema haipeleki barua mpaka niseme yote. Haya. Baba alikuwa mzima kama fahali. Mama alimpaka majivu, akamfunika mablanketi matatu, mimi nikawekwa mlangoni nilie. Nililia vizuri mpaka Bwana Shauri akavua kofia. Ndipo baba akacheka huko ndani. Lakini mvivu hakuwa, hilo silifuti: mzungu alipoondoka tu, alishika jembe akalima shamba letu mpaka jioni. Blandina hajui. Mpe alama zake kwanza, kisha nitamwambia mwenyewe.