Picha ya Sita na Paja la Kuku

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Dada yangu, shikamoo. Hujambo? Na goti la shemeji linaendeleaje? Sisi ni wazima, namshukuru Mungu. Kurasa hizi ni zako peke yako, nitakutumia juma likiisha. Usimsomee mtu.

Nimekuwa jaji. Gazeti limeandaa shindano la habari kwa picha, wakataka mtu mmoja wa mtaani mwenye studio. Miaka ishirini ya picha za vitambulisho, hatimaye Mungu ameona. Tuko watatu: Profesa wa chuo, Mhariri wa picha, na mimi. Kila mshindani ameleta picha nane zinazosimulia jambo moja. Majina yamefichwa, tunaona namba tu.

Heshima hii imekuja wakati wake. Jumapili kikundi chetu cha maombi kinachagua mwenyekiti, ni mimi au Katibu. Katibu hajawahi kuwa jaji wa kitu chochote, ingawa anahukumu kila mtu.

Jumanne, 5

Nimekwisha, dada.

Namba kumi na saba ni habari ya fundi viatu anayekaa nje ya mkahawa wa kona. Picha ya sita: fundi ameinama, anashona kisigino. Nyuma yake, dirishani, mimi. Paja la kuku limeniziba kuanzia puani hadi kidevuni. Saa ya ukutani inasema saba na robo mchana. Na maelezo ya chini yana tarehe: Jumatano ile, siku ya pili ya mfungo wetu wa siku tatu. Mfungo nilioutangaza mimi. Nilipeleka viatu tu, harufu ikanishika mkono.

Picha zitakazoshinda zitatundikwa ukumbini Jumamosi. Kikundi chote kimealikwa. Nani kawaalika? Mimi.

Nikaipa alama mbili kati ya kumi. Wenzangu wote wameipa tisa. Kumbe kuna kanuni: tofauti ikizidi alama tatu, jaji ajieleze. Nikasema fundi ameinamisha kichwa picha zote nane, na kwangu mteja akiinama namwambia ainue kidevu. Profesa akaandika hayo kwenye daftari lake. Akasema nimemfungua macho, hii ni habari ya mtu ambaye hajapata nafasi ya kuinua kichwa. Akapandisha tisa yake ikawa kumi.

Jumatano, 6

Asubuhi niliomba, Mungu akanipa wazo. Au nilidhani ni Mungu.

Majaji wanaruhusiwa kuondoa picha inayodhoofisha habari. Nikasema ya sita itoke, ina mambo mengi mno nyuma. Kosa langu hilo. Mhariri akauliza mambo gani, akaleta lenzi, wakaanza kukagua huko nyuma. Ndipo wakamwona mama wa dirishani. Profesa nusura alie. Akasema fundi hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, na kule nyuma mtu anakula kama vile kuku wamepigwa marufuku kuanzia kesho. Ya sita ndiyo moyo wa habari yote.

Mhariri akanitazama, akarudi kwenye lenzi, akasema huyu mama kama namfahamu. Nikamwambia sote tumeumbwa na mmoja. Kisha nikavaa miwani ya jua, humo humo ndani.

Alhamisi, 7

Mpango mwingine. Nikadai picha imepangwa, fundi na yule mama wamelipwa wakae vile. Wenzangu wakasema basi iletwe ile halisi, jinsi ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kukatwa pembeni.

Ikaja mchana. Ni pana zaidi. Mbele yangu kuna mifupa mitatu na sahani ya pili. Nikafumba macho, nikaanza zaburi. Nilipoyafumbua, nikaona kona ya kulia. Dada! Meza ya nyuma yangu, kilemba cha sare yetu, uso wote waziwazi: Katibu. Na samaki mzima.

Nikasimama, nikahutubia. Nikasema sisi watu wa habari hatukati ukweli pembeni. Hii ndiyo ishinde, na itundikwe nzima, kubwa kama mlango. Profesa alinipa mkono wa pongezi. Namba kumi na saba ni ya kwanza, tumekubaliana wote. Mimi nani atanijua? Paja limenisitiri.

Jumamosi, 9

Kikundi kilikuja kizima, na sare. Katibu alisimama mbele ya picha, akavuta kilemba chake hadi kwenye nyusi. Nikamsogelea, nikamnong'oneza: mwenzangu, samaki alikuwa mtamu? Akajibu kwa kuuliza: na kuku je?

Tungeishia hapo: yeye ameumbuka, na mimi nani angemwamini akinitaja? Lakini fundi viatu alikuwa mgeni wa heshima. Akaniona, akachukua kipaza sauti: "Mama, viatu vyako viko tayari tangu siku ile ya kuku. Mbona hukurudi?"

Watu wakanigeukia mimi, kisha picha, kisha ile saa. Binti mmoja wa kwaya akahesabu mifupa kwa sauti. Mhariri akasema alijua tu. Profesa akauliza kwa nini sikusema. Nikamjibu hakuna aliyeniuliza. Wamefuta alama zangu zote. Namba kumi na saba bado ni ya kwanza.

Jumapili, 10

Mwenyekiti ni yule mama mjane anayefagia kanisa, asiyesema na mtu. Hata hakugombea. Amepata kura zote isipokuwa mbili.

Mchungaji alicheka hadi akavua miwani, kisha akatuambia mimi na Katibu tutubu. Nimetubu, dada, Mungu ni shahidi. Na ili toba yangu ionekane, nikasimama nikatangaza kwamba nitafunga siku saba. Katibu akasimama akasema kumi. Nikasema kumi na nne.

Naanza kesho. Alhamisi nitakuja kwako kupumzika kidogo. Hivi ule mkahawa wa karibu na kwenu una meza iliyo mbali na dirisha? Tafadhali nijibu upesi.