Kabini ya Mtumba ya Batha

Kwa niaba ya Kamati Kuu ya Makazi na Uwekezaji ya Wakenya wa Batha, Riyadh, natangaza rasmi kwamba mwaka 2014 tuliingia katika umiliki wa nyumba. Ilikuwa kabini ya mtumba, nyumba ya kiwandani inayobebwa na lori, iliyowekwa kwenye kiwanja nyuma ya gereji. Tungeipangisha kwa madereva na kugawana faida. Mimi nilikuwa katibu.

Damaris, mfanyakazi wa nyumbani aliyetoa karo ya mwanawe kama mchango wa kuinunua, aliuliza swali lisilokuwa kwenye ajenda.

"Mwenyekiti, karatasi za umiliki ziko wapi?"

Mwenyekiti Elkanah, dereva wa bosi mkubwa, alivua miwani. "Dada, umiliki una awamu. Sasa tuko awamu ya ufunguo."

"Na aliyetuuzia, kabini haina deni?"

"Nilimuuliza. Alisema mafi mushkila, hakuna tatizo."

Nikaandika jibu hilo kwenye kumbukumbu kama uthibitisho wa kisheria.

"Huo ni mdomo tu," Damaris akasema. Kikao kikamkumbusha kuhusu nidhamu.

Kwa kuwa nyumba tupu hushuka hadhi, Mwenyekiti alijitolea kukaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, bila kodi, kwa manufaa ya wanachama. Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, alikuwa amelala humo lori lilipofika. Kumbe muuzaji aliichukua kabini kwa mkopo, hakumaliza kulipa, akatuuzia sisi na kutoweka. Waliomkopesha walikuja kuchukua mali yao. Wakatia kufuli mlangoni, kreni ikanyanyua. Mwenyekiti, kwa utulivu wake wa kiuongozi, hakuamka.

Baadaye akanipigia.

"Katibu! Nyumba inatembea!"

"Inaelekea wapi, Mheshimiwa?"

"Sijui! Naona ngamia!"

Nikaandika: ngamia.

Kufuli lilifunguliwa Jeddah, kwenye yadi ya wakopeshaji kule Ruwais. Karani akataka kujua huyu ni nani. Dominic, bawabu Mkenya aliyekuwa akitafsiri, alimnong'oneza, "Mzee, sema wewe ni mpangaji tu, uende zako."

Lakini cheo hakiruhusu. "Mwambie mimi ndiye mwenye nyumba!"

Karani alifurahi sana. Alikuwa amemtafuta mwenye nyumba kwa miezi. Akampa kiti, chai, na deni lote lililobaki. Mwenyekiti akatia sahihi. Halas, yamekwisha.

Akanipigia tena, akiagiza wanachama waarifiwe kwamba mali ni yetu sote, hasa deni. Nikaitisha kikao.

"Alisema kwa mdomo wake kwamba nyumba ni yake?" Damaris akauliza.

"Mbele ya mashahidi."

"Basi hatukununua kitu. Pesa zetu tulimkopesha yeye."

Hoja ilipita kwa kauli moja, nikiwemo mimi, kwani nami nilikuwa nimechanga. Mwanachama mmoja akapendekeza Elkanah aondolewe uongozini.

"Ng'o!" Damaris akasema. "Akiacha kuja vikaoni, tutamdai wapi?"

Tukamwongezea muhula.