Ubao Huu Umedhaminiwa na Fundi Apolinari

Jumatatu, 12 Julai 1993

Nimeamka na wazo. Wazo kubwa! Naliandika hapa kabla mke wangu Rukaiya hajaliua.

Tangu shirika linipunguze kazini mwaka jana, mimi Khalfani ndiye mhariri mkuu wa Sauti ya Mpira, ubao wa habari za michezo unaosomwa kuliko zote Mikocheni. Upo mmoja tu, lakini hilo si kosa langu. Umetundikwa kwenye ukuta wa Mzee Mwishehe, mwenyekiti wa timu ya Radi. Matokeo ya ligi nayapata redioni, ya mtaani nayafuata kwa miguu. Kusoma ni bure. Kila saa kumi jioni wasomaji hawapungui arobaini, na chini ya ubao Rukaiya anawauzia chai na vitumbua. Vitumbua hivyo ndivyo vinavyotulisha. Ananikumbusha mara kwa mara.

Wazo lenyewe: matangazo! Zama hizi za ruksa ya biashara kila kitu kina tangazo. Hata ukuta wa choo cha sokoni una tangazo la sabuni. Sembuse ubao wangu?

Nimezunguka mchana kutwa kutafuta mdhamini. Mwenye mashine ya kusaga alisema mashine yake inasikika mpaka barabara kuu, atangaze nini zaidi. Fundi cherehani alilitazama shati langu, akaniomba nisimtangaze kabisa. Aliyekubali ni mmoja: Fundi Apolinari, mtengeneza majeneza wa kule karakana. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Alisema hajawahi kuombwa na mtu jambo zuri namna hii. Machozi yalimlengalenga. Malipo yangu ni ubao mpya.

Rukaiya amesema nisiguse kitu, watu wanakuja kwa ajili ya mpira. Nimemweleza kwamba haelewi mambo ya kisasa.

Jumanne, 13 Julai

Ubao umefika! Mninga mtupu, umepigwa msasa, umepakwa rangi nyeusi. Una vishikio vya shaba pande zote mbili. Mrefu kupita kawaida. Mpana juu, mwembamba chini. Pembeni kuna maandishi ya penseli, vipimo vya fundi, sikuyajali.

Nilipouliza kuhusu umbo lake, Fundi Apolinari alikiri kwamba ni kifuniko. Mwaka jana mgonjwa fulani alipimwa, kazi ikakamilika, halafu mgonjwa akapona. Ndugu zake hawakurudi tena. Fundi alisimulia kwa uchungu kidogo.

Msimamo wa ligi umekaa vizuri ajabu. Timu za juu ziko mabegani, zina nafasi ya kupumua. Timu za mkiani ziko miguuni, zimebanana. Hakuna gazeti nchini lenye mpangilio kama huo.

Rukaiya aliutazama ubao, akanitazama mimi, akasogeza jiko lake hatua mbili.

Jumatano, 14 Julai

Tangazo la kwanza! Mdhamini hakutaka lirukwe na msomaji, kwa hiyo nililitia katikati ya habari. Liliandikwa hivi: "Jumamosi ni nusu fainali ya kwanza ya Kombe la Mbuzi, Vumbi na Tufani. Mabeki wa Tufani ni imara, imara kama MAJENEZA YA FUNDI APOLINARI, MNINGA MTUPU, TUNAKUPIMA NYUMBANI KWAKO, na golikipa wao yuko katika hali nzuri."

Nimefunga chaki kwa uzi pembeni, nikatenga kona ya Maoni ya Wasomaji. Maoni kumi na moja kwa siku moja! Nanakili baadhi:

"Khalfani mgonjwa."

"Matokeo ya jana yako wapi?"

"Sie tumekuja kusoma mpira, hatujaja kufa."

"Je, yapo yenye dirisha?"

"Mtaa mzima Waislamu, tunazikwa na sanda. Hilo jeneza unamuuzia nani?"

La mwisho limenikaa kichwani. Mimi mwenyewe Mwislamu. Sikuwa nimelifikiria. Lakini huyo wa dirisha ni mteja kabisa.

Mwalimu Revelian naye aliandika: "Aibu. Michezo ni afya." Kwa mwandiko mzuri wa kuudhi. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi ya hapa ng'ambo ya barabara, mrefu mpaka anainama kwenye kila mlango, na kazi yake ni kunisahihisha. Mwaka jana alipougua malaria, nilipata amani miezi miwili. Nilimwombea apone, lakini polepole.

Mzee Mwishehe amesema Tufani si timu yake, hayamhusu. Ila siku jina la Radi litakaposogelea jeneza, nitafute ukuta mwingine.

Jumamosi, 17 Julai

Tufani wamefungwa sita bila! Golikipa wao ameteguka kidole dakika ya nne. Nahodha ametolewa kwa kadi nyekundu. Kocha alikuwa akimlalamikia mwamuzi huku akirudi nyuma, akatumbukia mtaroni. Vumbi wenyewe walikuwa wakishangilia kwa woga.

Jumapili, 18 Julai

Radi wameshinda nusu fainali ya pili, moja bila. Hakuna anayezungumzia hilo. Watu wamesimama mbele ya ubao wanasoma tangazo kimyakimya, midomo inacheza. Maoni ya leo hayana tusi hata moja:

"Ni tangazo."

"Ni lile tangazo."

"Jamani, tangazo limewamaliza Tufani."

Kwanza niliogopa. Kisha nikatulia, nikafikiri. Kuna tangazo gani jingine nchini lililowahi kufanya kazi haraka hivi? Fundi Apolinari alichukia sana kusikia habari hizo. Alisema yeye anauza ubora, hauzi mikosi. Baada ya muda aliuliza kama mikosi inaongeza wateja.

Jumatatu, 19 Julai

Mzee Mwishehe amekuja mwenyewe, kavaa kofia ya Ijumaa siku ya Jumatatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kabla sijamaliza. Alisema ameyatafakari mambo ya biashara na ameona matangazo yana faida. Je, tangazo haliwezi kukaa karibu na jina la Vumbi, kwa ajili ya fainali ya Jumamosi? Nikifanya hivyo, ukuta ni wangu maisha yangu yote.

Nimekubali.

Hata saa moja haijapita, akaja Leonardi. Golikipa na katibu wa Vumbi. Mpira anaudaka kwa mkono mmoja kama chungwa. Aliniita braza, akaninong'oneza kwamba tangazo likae karibu na jina la Radi. Klabu yao ina ukuta kule stendi, wenye kivuli, na benchi watamwekea shemeji yake, Rukaiya, kwa ajili ya wateja.

Nimekubali. Mimi ni mhariri huru, sipendelei upande. Tulipeana mkono. Mpaka sasa chaki siishiki vizuri.

Jumatano, 21 Julai

Msiba! Revelian amefungua ubao wake. Kipande cha silingibodi ya dari, kwenye uzio wa shule, ng'ambo ya barabara. Kichwa chake: "Michezo Safi. Hapa Hakuna Jeneza."

Saa kumi nilihesabu wasomaji wangu. Sita. Mmoja alikuwa anamsubiri mtu. Mwingine alikuwa Fundi Apolinari. Kwenye Maoni ya Wasomaji kuna neno moja tu: "Kwaheri."

Halafu Rukaiya akanyanyua jiko, kikaango na kigoda chake, akavuka barabara. Nilimuuliza anakwenda wapi. Alisema wateja wake wako kule, na mie kama nina njaa ninajua njia.

Imeniuma. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma. Si habari ya vitumbua. Tangu nipunguzwe kazini, kila jioni tulikuwa tukikaa pamoja chini ya ubao, mimi nikisimulia goli, yeye akigeuza vitumbua na kujifanya hasikilizi. Mara nyingine alikuwa akiuliza nani alitoa pasi. Leo nimemwona kwa mbali akicheka kichekesho cha Revelian. Revelian hana vichekesho! Namfahamu miaka minane!

Lazima nimrudishe. Fainali ikipita nitakuwa na kuta mbili, kivuli na benchi. Atarudi tu.

Ijumaa, 23 Julai

Nimepata jibu la tatizo langu la Radi na Vumbi. Kifuniko kina nyuso mbili! Upande wa mbele nimeandika tangazo juu ya jina la Vumbi. Upande wa nyuma, juu ya jina la Radi. Nimeuning'iniza ubao kwa waya kwenye boriti inayotokeza mbele ya ukuta. Mzee Mwishehe hutokea upande wa msikitini, Leonardi upande wa karakana. Kazi yangu ni kusimama na kugeuza.

Mchana wote nimegeuza mara kumi na nne, bila kosa. Kila mmoja alisoma chake, akaenda zake anatabasamu.

Saa kumi na moja na robo wakatokea wote wawili. Huyu kulia, huyu kushoto! Nikaushika ubao katikati, umesimama kama mlango ulio wazi nusu. Mzee Mwishehe akasoma upande wake, akatikisa kichwa kwa furaha. Leonardi akasoma wake, akafanya vilevile. Pangeishia hapo tungekuwa salama. Lakini Leonardi ana adabu. Alipomwona mzee, akazunguka ubao kwenda kumwamkia. Na mzee, kwa kuwa keshafurahi, akazunguka kwenda kumpokea.

Kila mmoja akajikuta upande wa mwenzake. Walisoma taratibu. Shikamoo haikutolewa. Hakuna aliyenigusa. Wameondoka haraka, kila mtu kwao. Nadhani wameelewa.

Jumamosi, 24 Julai

Fainali. Uwanja umefurika, mbuzi kafungwa kwenye mlingoti wa goli. Saa kumi kamili, timu hakuna. Radi wametuma ujumbe kwamba hawachezi na jeneza juu ya jina lao. Vumbi wametuma ujumbe uleule, neno kwa neno.

Mwamuzi, Bwana Albano, ni mtu wa kanuni. Alifungua karatasi, akasoma kwa sauti: upande usiofika uwanjani ndani ya nusu saa umepoteza, na upande uliopo umeshinda. Akatazama uwanjani. Ndani ya mistari aliyekuwepo ni Fundi Apolinari peke yake. Alikuwa ameingia kukagua mbao za goli. Albano alimuuliza yeye ni nani katika mashindano haya. Alijibu kwamba yeye ni mdhamini. Albano alirudi kwenye karatasi, akageuza nyuma na mbele, hakuona kanuni inayomkataza mdhamini. Akatazama saa. Nusu saa ilipotimia, akapuliza filimbi.

Ushindi wa mezani! Fundi Apolinari bingwa wa Kombe la Mbuzi! Alikumbatia mbuzi, akalia. Watu elfu moja wakageuka kunitafuta. Nilikuwa nimeshaondoka.

Jumapili, 25 Julai

Nimeandika matokeo kama inavyopasa: Apolinari 2, Radi 0. Apolinari 2, Vumbi 0. Maoni sitini na matatu! Chaki iliisha, wakatumia mkaa. Sitanakili, maana nahisi Rukaiya huifungua shajara hii.

Mzee Mwishehe ameung'oa ubao kwa mikono yake. Ukuta wake ameufuta kwa maji ya limau. Wa Vumbi sikuuliza.

Nimeubeba nyumbani begani. Rukaiya alikuwa mlangoni. Amesema kifuniko cha jeneza hakiingii ndani anamolala yeye, na kama mie nashindwa kuachana nacho, nikalale nacho huko nje. Nikageuka nacho. Kumbe mtu akipita na kitu kama kile begani, mtaa haukai! Wanaume wakaacha kazi zao, wakatoka vibarazani, wakaja kunipokea. Wakapokezana. Mpaka njia panda tulikuwa kama ishirini, tunakwenda kwa mwendo wa mazishi, na hakuna aliyeuliza nani amekufa. Nilitaka kueleza, ila wakati wenyewe haukufaa. Waliokuwa mbele walielekea shuleni, sijui kwa nini. Tukaishia kwa Revelian, anayeishi palepale shuleni.

Revelian akatoka, akatuona, akashika mlango. Kisha akainama kusoma yale maandishi ya penseli pembeni. Alisoma kwa sauti: "Mwl. Revelian. Futi sita, inchi nne."

Fundi Apolinari, aliyekuwa nyuma na mbuzi wake, akasema ndugu za Mwalimu walishalipa.

Revelian alipapasa vishikio muda mrefu. Nilimwonea huruma, kwa mara ya kwanza. Kisha akasema ni kazi nzuri, hajawahi kuona msasa kama huo, na kwa kuwa ni mali yake, atauchukua. Akautundika kwenye uzio wake palepale. Waombolezaji wakaomba vitumbua.

Jumanne, 27 Julai

Nimekwenda ng'ambo saa kumi. Nilisimama nyuma ya watu, kama msomaji yeyote. Wako sitini. Revelian anaandika vizuri, siwezi kusema uongo. Tangazo hakuna hata moja. Radi, kwa kukimbia fainali, amewaweka mkiani mwa timu za mtaani, chini kabisa, miguuni.

Rukaiya aliniona. Alimimina chai, akasogeza kigoda, akaniachia nusu. Nikakaa. Akaniuliza lile goli la Radi la nusu fainali, nani alitoa pasi. Nilimsimulia mpaka vitumbua vikaungua upande mmoja. Ndipo aliponiambia, taratibu, kwamba nisome tu kama wenzangu, kusoma ni bure, na mambo ya wadhamini niyaache. Nikamwahidi. Nimeahidi kwa moyo wangu wote, na machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika.

Wakati anasuuza vikombe nimechungulia tena ubao. Chini ya jina la Radi Revelian hajaandika kitu. Nafasi ni kama shubiri moja hivi, nimepima kwa mkono alipoingia darasani. Maneno manane yanaenea bila kubanana. Fundi Apolinari anasema anatengeneza na misalaba, na misalaba haijawahi kutangazwa popote Dar es Salaam.

Chaki ninayo mfukoni.