Mazishi Katika Sura ya Kwanza

Jumatatu, 7 Julai

Baridi ya kukata masikio, Julai ya kisiwa chetu cha kusini. Mji mzima wa Launceston umevaa soksi mbili mbili. Habari kubwa: mwandishi Odalie Fenwright anakuja maktabani Jumamosi! Mtu mmoja wa klabu yetu ya vitabu atakaa naye jukwaani amhoji. Lazima niwe mimi. Riwaya yangu ya majoka imekamilika tangu mwaka juzi na hajaisoma mtu ila Mama, aliyesifu karatasi. Odalie akiisoma, basi.

Kikwazo: Rosalind Ockerby, mwalimu mstaafu, anayeshikilia kwamba kusikiliza kitabu si kusoma. Leo ameniuliza mbele ya watu kama na chakula huwa natafuniwa. Wamecheka. Nami nimecheka, kwa hasira.

Mpango: kumaliza riwaya ya Odalie, *Farasi Tisa wa Ormeth*, kabla ya Alhamisi, siku ambayo Glenys wa maktaba atachagua mhojaji. Nimehamishia diski zake zote za sauti kwenye simu. Tamsin, ninayeishi naye, ndiyo kwanza ameirudisha. Aliichukua jana kupigia muziki kwenye sherehe yake. Imejaa mafuta ya chipsi, lakini inasema.

Jumanne, 8 Julai

Kazini kitaluni, nikipanda miche ya kabichi huku nasikiliza kwa kasi maradufu. Ajabu! Kitabu kinaanza na mazishi ya shujaa mwenyewe, Veshka mchunga kondoo. Sura inayofuata, ana wajukuu. Inayofuata tena, anazaliwa! Farasi wake anakufa, kisha tunamkuta anakula nyasi, bila maelezo yoyote. Uthubutu ulioje! Nimeduwaa na mche mkononi hadi msimamizi akauliza kama naungoja ukomae.

Chuo kikuu tulisoma falsafa ya wakati mwaka mzima. Hakuna mwanafalsafa aliyethubutu hivi.

Nimemsimulia Tamsin. "Kwa hiyo kafa, kapata wajukuu, kazaliwa? Shosti, hicho ni kitabu au foleni ya hospitali?" Wengine hawakuumbiwa fasihi.

Jumatano, 9 Julai

Nimekutana na Rosalind dukani akinunua pai. Anasema kitabu ni kizuri, ila hadithi imenyooka mno, kama imepigwa rula. Imenyooka! Miwani yote ile na haoni kitu. Tena Kethrun, jina la mji, amelitamka herufi kwa herufi. Sisi tuliosikia tunajua ni "Kerun". Sikumsahihisha. Namtunzia.

Alhamisi, 10 Julai

USHINDI!

Rosalind alitangulia. Akazungumzia malisho ya farasi. Watu wakaanza kuzitazama keki. Nikasimama mimi. Nikasema mwandishi huyu ameuvunja wakati kwa nyundo, kwamba kifo ni mlango wa mbele wa kitabu na kuzaliwa ni mlango wa uani. Glenys, aliyekiri kwamba yeye bado yuko kwenye ramani ya mwanzoni, akavua miwani.

Rosalind akasema kitabu alichosoma yeye hakianzi hivyo. Nikamkata: kuna wanaofunua kurasa, na kuna wanaokisikia kitabu. Watu wakaguna, "Uuuu!" Kisha, ajabu, Rosalind akainua mkono kuniunga mkono. "Mpeni, mpeni huyu binti. Mimi nitakaa mstari wa mbele."

Hivi ndivyo mtu mzima anavyokubali kushindwa. Nimemheshimu kidogo.

Jumamosi, 12 Julai

Nitahamia kisiwa kingine.

Ukumbi ulifurika. Wengi walikuwa wamenunua kitabu mlangoni, hawajakifunua bado, wamekipakata kama mtoto mchanga. Swali langu la kwanza, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi: kwa nini umemzika Veshka mwanzoni kabisa?

"Anakufa?" akauliza mtu wa nyuma.

Nikadhani wameguswa. Nikaendelea: na yule farasi mweupe, anayekufa kisha...

"Na farasi pia?" Huyo alikuwa mwanamume mwenye ndevu, na sauti ilimpasuka.

Kwa sisi wasomaji, bora umtukane mtu mama yake kuliko kumwambia mwisho wa kitabu. Mama mmoja alikuwa keshasimama kudai arudishiwe pesa zake. Odalie akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Dada, ulisoma au ulisikiliza?" Nikajibu kwa fahari. Akaomba simu yangu, akaigeuza kunionyesha: vile vimishale viwili vilivyopishana, vinawaka. Kitufe cha kuchanganya nyimbo, Tamsin alikiacha kimewashwa tangu sherehe! "Umezichanga sura zangu kama karata," akasema. Kiganja hakikufunika vizuri. Ukumbi mzima ulisikia. Mstari wa mbele, Rosalind alikuwa anapangusa machozi.

Hata hivyo! Baadaye, nyuma ya pazia, nilimtajia Odalie riwaya yangu. Akaniwekea mkono begani. Nimtumie sura ya kwanza, ataisoma mwenyewe. "Ile ya kwanza kabisa," akarudia. "Sawa, dada?"

Jumapili, 13 Julai

Rosalind amepita na nakala yake. "Chukua. Anzia mwanzo, kwa macho." Tumekunywa chai. Amekiri kwamba Alhamisi alijua kila kitu, na kwamba hajacheka hivyo tangu astaafu. Amekula keki zangu zote za nazi. Wakati anaondoka, nikamwambia ule mji ni "Kerun". Akanyamaza! Utamu huo.

Kisha nikasoma kwa mpangilio. Uchovu mtupu! Anazaliwa, anakua, anapata farasi. Farasi anakufa, na anabaki amekufa. Odalie mwenyewe hajui ameandika nini. Kitabu changu kilikuwa bora kuliko chake.

Nikaitazama riwaya yangu. Sura ya kwanza: yai la joka linaanguliwa. Mtu yeyote angeanza hivyo! Nikaimwaga yote sakafuni, nikafumba macho, nikachomoa sura moja.

Bahasha iko kwenye sanduku la posta. Odalie aliomba sura ya kwanza. Nimempelekea ya thelathini na moja.