Diski Zichomolewe Kompyuta Ikiwa Imezimwa

Kwa Bwana Taranjit,
Mwenye Studio ya Picha za Harusi,
Biashara Street, Nairobi.

MINTARAFU: OMBI LA KUREJESHEWA DAKIKA NANE

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Karen, na kwamba mbwa wako amepona mguu. Ni mimi Athman, mhariri wako wa video za nikaha, upande wa wanaume. Nakuandikia kwa heshima, ingawa nimekasirika.

Kama ujuavyo, kompyuta yetu ni moja na wahariri ni wawili. Diski ya wanaume ni yangu. Diski ya kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, ambako wanawake wetu wa pwani hucheza watakavyo wakijua hakuna mwanamume atakayewaona, ni ya Bi Mabruka peke yake. Kila tulipobadilishana tulizima kompyuta, tukachomoa diski moja, tukachomeka nyingine, tukawasha, tukangoja. Dakika nane kamili. Kisha mimi nilitoka nje, naye akafanya kazi yake.

Wiki iliyopita ukamtuma fundi Ndambuki. Aliingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, akabonyeza vitu viwili vitatu, akaniambia, "Boss, sasa hakuna haja ya kuzima. Unaclick hapa, unachomoa, unaweka ingine. Ni hiyo tu." Sekunde sita! Na mimi mjinga nikamshukuru.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sitara. Jumanne nilikuwa bado kitini, natafuta kiatu changu chini ya meza, mara kupamba kwa bibi harusi Abeer kukatokea kwenye kioo cha kompyuta. Nilifumba macho papo hapo nikatoka hivyo hivyo, nikagonga stendi ya kamera, halafu mlango wa choo. Nakiri niliona kisigino kimoja. Nimeshatubu.

2. Adabu. Siku hizi kabla ya diski kuchomolewa ni lazima kompyuta iombwe ruhusa, na ni lazima ijibu kwamba imekubali. Mimi naambiwa tu, "Athman, toka." Chuma kinaheshimiwa kuliko mimi.

3. Afya. Tulipokuwa tukiizima, mashine ilipoa, nasi tukapoa. Sasa feni inakoroma kutwa, na kiti kinapokewa kikiwa cha moto.

4. Hili ndilo zito. Zile dakika nane zilikuwa na mpangilio wake. Ya kwanza, salamu. Ya pili na ya tatu, habari za magoti ya mamake Mabruka yanayomsumbua. Ya nne, chai. Ya tano, mvua ya Kinoo, wanakoishi. Ya sita na ya saba tulinyamaza, lakini tulinyamaza vizuri. Ya nane niliitenga kwa jambo moja nililotaka kumwambia. Kwa miezi ishirini sikufanikiwa. Mara kompyuta iliwaka mapema, mara nilijikuta nimerudia mvua ya Kinoo. Lakini nilikuwa karibu, Bwana Taranjit. Nampenda sana huyu mtu, na nilikuwa karibu! Sasa kwa sekunde sita nitamwambia nini?

Kwa hiyo naomba Ndambuki arudi azime alichowasha. Ikishindikana, iwe sheria kwamba diski ikichomolewa ilazwe mezani dakika nane, wahariri wote wawili wakiilinda. Na hilo likishindikana, kila diski ipelekwe kwanza kwako Karen kwa bodaboda, uikague, uitie sahihi, irudishwe mjini. Kwa foleni ya Ngong Road nakadiria saa tatu. Zitanitosha.

Nisalimie Bi Gurleen, mama Indu, mlinzi wako Nzuki, majirani wote wanaonijua na wasionijua, na mbwa.

Wako mtiifu, mwenye uchungu,
Athman

N.B. Tafadhali usifanye lolote kati ya hayo. Nilienda kuswali nikaiacha barua hii wazi kwenye kompyuta, ndani ya diski yangu. Mabruka alipotaka kubadilisha diski, kompyuta ilikataa kuiachia yangu, ikamwambia kuna kitu bado kimefunguliwa. Akakitazama. Akakisoma chote. Kumbe yeye ndiye aliyekupigia simu umtume fundi! Anasema kule kuzima na kuwasha kulitufikisha saa kumi na mbili jioni, na kaka yake Hanif huwa mlangoni na gari. Siku hizi tunamaliza saa kumi na moja, Hanif bado yuko kazini, na alidhani mwanamume mwenye neno angeuona huo mwanya. Wiki nzima amekuwa akifunga mkoba polepole, na mimi nakimbilia nyumbani nikiwa nimenuna. Basi nimemwambia hapo hapo, nimesimama, bila salamu wala magoti ya mtu. Sikumaliza hata sentensi, amekubali. Naomba ruhusa ya Jumamosi. Wazee wangu wanapanda kutoka Mombasa kwenda kwa baba yake kuposa.